Falseto na sauti ya kichwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila msimu wa mazoezi. Anayauliza mwimbaji wa tena (sauti ya tatu ya kwaya, ya wanaume wanaoimba juu) anayekwama kwenye noti za juu, kijana anayejifunza bongo fleva chumbani kwake, na mwalimu wa kwaya aliyechoka kusikia sauti ya tatu ikipiga kelele. Yameanzia kwenye msingi. Mwenye haraka ya mazoezi anaweza kuruka hadi swali la 7, ila la 2 asiliruke.

## Mambo ya msingi

1. Falseto ni nini, na sauti ya kichwa ni nini?

Zote mbili ni sauti za juu na zote hutoka mahali pamoja: kwenye nyuzi mbili za sauti zilizo ndani ya zoloto, kile kifundo kinachopanda na kushuka shingoni unapomeza mate. Ukiimba chini, nyuzi huwa fupi na nene, na hugongana kwa unene wake wote. Ukipanda, huvutwa zikawa ndefu na nyembamba, na kasi ya kutetemeka huongezeka. Ile noti A iliyo juu ya C ya kati (ile C ya katikati ya kinanda), ambayo kwayo ala nyingi hupimwa, ni mitetemo 440 kwa sekunde moja.

Tofauti ya falseto na sauti ya kichwa iko kwenye kufunga. Katika falseto ni kingo tu za nyuzi zinazotetemeka, tena hazikutani sawasawa, hivyo hewa inavuja. Unachosikia ni sauti nyepesi yenye upepo ndani yake. Katika sauti ya kichwa nyuzi bado ni nyembamba, lakini zinakutana vizuri kila zinaporudi. Upepo unapungua, sauti inang'aa, na unaweza kuikuza au kuipunguza bila kukatika.

2. Kwa hiyo nikibadilisha kutoka moja kwenda nyingine, nabadilisha nini hasa?

Kiasi cha kufunga, basi. Noti inabaki ileile, neno lilelile, pumzi ileile. Huhamishi sauti kutoka puani kwenda utosini, na wala huiongezei nguvu.

Wengi wanachanganya mabadiliko mawili tofauti. La kwanza ni kutoka sauti ya kifua (ile ya chini, nyuzi zikiwa nene) kwenda falseto. Hapo misuli inayonenepesha nyuzi inaachia ghafla, na kwa mtu asiyezoea pana mruko unaosikika wazi. La pili, ambalo ndilo linalozungumzwa hapa, ni kati ya falseto na sauti ya kichwa. Hili halina mruko. Unaweza kusimama popote katikati: upepo mwingi, upepo nusu, upepo kidogo, hakuna upepo. Ukisikia sauti "ikiruka" katikati ya zoezi, ujue umedondokea kwenye kifua, na lile zoezi ulilodhani unalifanya hujalifanya bado.

3. Mbona mwalimu wangu anasema falseto na sauti ya kichwa ni kitu kimoja?

Kwa sababu walimu hawajawahi kukubaliana juu ya majina haya, na ugomvi wenyewe ni wa zamani. Pier Francesco Tosi wa Italia, aliyechapisha kitabu chake cha uimbaji mwaka 1723, aliyatumia maneno hayo mawili karibu kwa maana moja. Manuel García, Mhispania aliyefundisha Paris na baadaye London, katika maandishi yake ya miaka ya 1840 aliiweka falseto katikati, kati ya kifua na kichwa, jambo ambalo leo lingemshangaza mwanakwaya yeyote. García huyohuyo ndiye aliyetumia kioo kidogo na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi, mwaka 1854. Kuziona hakukumaliza ubishi.

Wataalamu wengi wa sauti siku hizi huhesabu mifumo miwili mikuu, wa nyuzi nene na wa nyuzi nyembamba, na falseto huiweka kwenye huo wa pili. Sauti ya kichwa ya wanaume ndiyo bado inabishaniwa.

Ushauri wangu: usibishane na mwalimu kwa majina. Mwombe akuimbie noti moja kwa namna mbili, yenye upepo na isiyo na upepo, kisha mtumie majina anayoyatumia yeye.

4. Wanawake nao wana falseto?

Wanayo, ingawa haiitwi hivyo mara nyingi. Kwa wasichana hasa, nyuzi huacha upenyo mdogo kwa nyuma hata wakiimba kawaida, na sauti inakuwa na upepo. Wapo waimbaji wa soprano wanaokaa kwenye kwaya miaka mingi na sauti ya namna hiyo, wakisifiwa kuwa ni "laini", ilhali hawana namna nyingine ya kuimba juu. Laini ni pale unapoweza kuchagua. Mazoezi ya hapa chini ni yaleyale kwao, isipokuwa noti zinapanda.

5. Nitajuaje ninayoitoa ni ipi?

Kipimo cha kwanza ni pumzi. Shika noti moja ya juu kwa sauti ndogo na uhesabu kwa vidole mpaka pumzi iishe. Pumzika, kisha rudia noti hiyo kwa sauti unayodhani ni ya kichwa. Kama ya pili haidumu zaidi ya ya kwanza, bado unavuja.

Kipimo cha pili ni kigumu kudanganya: ikuze sauti polepole ukiwa kwenye noti hiyohiyo. Falseto hufika mahali ikagoma, ikabaki na ukubwa uleule au ikaruka kwenda kifuani. Sauti ya kichwa hukua. Jirekodi kwa simu ukifanya vyote viwili, kwa sababu masikio yako mwenyewe hukusikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na huo ni ushahidi wenye upendeleo.

6. Nisipohisi mtetemo kichwani, siimbi sauti ya kichwa?

Unaweza kuwa unaiimba vizuri tu. Mtetemo wa kichwani au usoni ni matokeo. Wengine huusikia, wengine hawausikii kabisa. Usiutafute.

## Mazoezi yenyewe

7. Nianzie noti zipi?

Anza mahali ambapo sauti zote mbili zinapatikana bila shida. Kwa tena, jaribu F au G iliyo juu ya C ya kati (mitetemo kama 349 na 392). Besi washuke hadi D au E. Soprano na alto waanze kwenye B au C iliyo juu ya hapo, karibu mitetemo 494 hadi 523. Asiye na kinanda apakue programu ya kupimia noti kwenye simu. Za bure zinatosha.

Jambo la kushika kuliko hizo herufi ni mwelekeo: anza juu, ushuke. Anayeanzia chini hupanda akiwa amebeba uzito wote wa kifua, na akifika karibu na E au F, ambapo wanaume wengi hupata shida ya mpito, hana njia isipokuwa kupiga kelele au kukatika. Anayetoka juu anashuka na wepesi wake.

8. Nipe zoezi moja tu la msingi.

Ni hili, na ningekuwa na dakika tano tu na mtu ningempa hili peke yake.

Chagua noti moja. Vuta pumzi ya kawaida, usijaze kifua. Toa "huu" yenye upepo mwingi kwa hesabu nne. Bila kukata sauti, anza kuuondoa upepo taratibu kwa hesabu nne nyingine, mpaka "uu" ibaki safi. Kaa hapo hesabu nne. Kisha urudishe upepo kidogokidogo, mpaka umalizie kama ulivyoanza.

Hiyo safari ya kurudi ndiyo watu wanaiacha, na ndiyo inayofundisha. Kufunga peke yake kunaweza kufanywa kwa nguvu. Kufungua tena polepole hakuwezekani ukiwa umebana.

Kama hujui mahali pa kufungia, konsonanti zitakuonyesha. H inafungua nyuzi. G na b zinakuandaa kufunga. Imba "huu", pumzika, halafu "guu", noti ileile, ukubwa uleule. Bora zaidi ni ile ng' ya "ng'ombe". Ishike kwa muda ukiwa umefungua taya, isikie inavyotetemeka bila upepo, kisha ifungulie "ng'uu". Mtoto wa darasa la kwanza anaitamka vizuri. Hapa tunaiimba tu kwa muda mrefu.

Wakati wa kuondoa upepo sauti itakua kidogo yenyewe. Iache, usiisaidie. Mtu aliye chumba cha pili asikie rangi ya sauti ikibadilika kuliko ukubwa wake.

9. Kwetu tunasoma solfa. Kuna zoezi la solfa?

Lipo. Imba s f m r d (soh, fah, mi, re, doh), ukianza s kwa falseto kabisa. Kwenye m upepo uwe umekwisha, na r na d uzimalize kwa sauti safi, nyepesi, isiyoangukia kifuani. Kwa tena, Doh ni C; besi waweke Doh kwenye A ya chini yake; wanawake Doh ni G. Ukizoea, panda nusu toni kila mara. Tumia "nyu" au "mu" badala ya majina ya noti, kwa sababu f na s za solfa zinapitisha upepo mwingi na irabu zinabadilikabadilika.

Baada ya hapo geuza: anza s ikiwa safi, iingize falseto ukifika m. Hii ni ngumu zaidi, kwani mwili ukishuka hupenda kunenepesha nyuzi. Ukiona unarukia kifuani kwenye r, rudi swali la 8 ulifanye kwenye noti hiyo ya r mpaka itii.

10. Lile zoezi la kukuza na kupunguza noti moja linahusika vipi?

Waitaliano wanaliita messa di voce: noti moja inaanza ndogo, inakua, inarudi kuwa ndogo. Linahusika sana, lakini si la mwanzo. Ni swali la 8 lililoongezewa ukubwa. Likifanywa na asiyejua kufunga vizuri linageuka kuwa zoezi la kusukuma. Lingoje mpaka "huu" yako iweze kwenda na kurudi bila kukwaruza, kisha anza kwa hesabu nne za kukua na nne za kupungua, usizidishe.

11. Nitawezaje kubadilisha haraka, kama wanavyofanya waimbaji katikati ya mstari?

Kwanza iwe polepole. Haraka inakuja yenyewe. Ukiwa tayari, imba noti moja kwa mapigo: hu, gu, hu, gu, kila pigo na silabi yake, h ikivuja na g ikifunga. Kisha ondoa konsonanti ubaki na u, u, u, u, ukibadilisha rangi tu. Hapo ndipo utajua kama unaongoza nyuzi au unaongozwa na herufi.

Hatua ya mwisho ni kuchukua mstari wa wimbo unaoujua na kuamua mapema: neno hili falseto, neno hili kichwa. Uandike hata kwenye karatasi. Waimbaji wengi hubadilisha pale sauti inapowalazimisha, halafu wanaiita mtindo.

12. Mrija unasaidia kweli au ni mchezo wa mtandaoni?

Unasaidia. Mrija wa soda ukiutia kwenye chupa ya maji, ncha ikazama sentimita mbili au tatu, kisha ukaimbia ndani yake, maji yanazuia hewa kutoka kwa wingi. Ule mgandamizo unaorudi nyuma unazipa nyuzi nafasi ya kutetemeka bila kugongana kwa nguvu. Mtafiti Ingo Titze wa Marekani ameyaeneza sana mazoezi ya mrija. Kutetemesha midomo kwa "brrr" kuna manufaa yanayofanana, na hakuhitaji chupa.

Kwa kazi yetu, imba ving'ora vya kupanda na kushuka ndani ya mrija. Mapovu yakitoka kwa mpangilio, pumzi yako ni tulivu. Yakitoka kwa fujo pale sauti inapobadilika, umeona kwa macho mahali unaposukuma. Uchomoe mrija na uimbe ving'ora vilevile papo hapo, kabla mwili haujasahau.

13. Kwa nini naweza kwa "u" lakini kwa "a" sauti inapasuka?

Kila irabu inaumba mdomo na koo kwa namna yake, na umbo hilo linarudisha nguvu kwa nyuzi. U na i zenye mdomo mdogo huzisaidia nyuzi kubaki nyembamba. A iliyo wazi huvuta kuelekea kifuani, hasa ukiipanua kama unavyoongea.

Kiswahili kina irabu tano tu, nazo ni safi, na hilo ni faida kubwa kwa mwimbaji. Lakini maneno ya nyimbo zetu hayalingani kwa urahisi. "Utukufu" kwenye noti ya juu ni zawadi kutoka kwa mtunzi: u nne mfululizo. "Aleluya" na "Hosana" zinamaliza kwa a, na mtunzi akiweka a hiyo kwenye noti ndefu ya juu kabisa, waimbaji wa tena wote wanatazamana. Dawa ni kuikunja a ielekee o, taya likishuka bila midomo kutanuka pembeni. Kule kwenye viti watu watasikia a.

Kwa zoezi, tembea u, o, a kwenye noti moja, ukiwa kwenye sauti ya kichwa. Ikipasuka kwenye a, rudi o, usilazimishe. Angalia pia konsonanti inayotangulia: "Haleluya" yenye h itakufungulia nyuzi mwanzoni kabisa, "Aleluya" haitakufanyia hivyo.

14. Nifanye dakika ngapi, na itachukua muda gani?

Dakika 10 hadi 15 kwa siku zinatosha, ukizigawa mara mbili ni bora zaidi. Saa nzima Jumamosi haiwezi kufidia siku sita za kimya, kwa sababu misuli hii ni midogo na inajifunza kwa kurudiarudia. Muda wa kufika unatofautiana mno kati ya mtu na mtu kiasi kwamba anayekuahidi idadi ya siku anakuuzia kitu.

## Mambo yanapokwama

15. Nikiondoa upepo, koo linabana.

Hili ndilo tatizo namba moja. Umefunga kwa misuli isiyohusika: shina la ulimi, shingo, taya. Weka kidole gumba chini ya kidevu, pale penye nyama laini. Ikikazana unapoondoa upepo, umekosea njia. Rudi kwenye upepo wote na uondoe nusu tu, uishie hapo kwa siku kadhaa. Upepo nusu usio na kubana ni bora kuliko sauti safi iliyokabwa.

Jaribu pia kutoa ulimi nje kidogo, ukae juu ya mdomo wa chini, uimbe hivyo. Unaonekana vibaya, lakini shina la ulimi linakosa nafasi ya kusukuma zoloto.

16. Sauti inakatika katikati, inapotea kabisa halafu inarudi.

Mara nyingi pumzi imezidi. Unatuma hewa ya kuimbia kifuani kwenye nyuzi nyembamba, zinashindwa kukutana. Punguza ukubwa kwa nusu, halafu tena kwa nusu. Kama sauti ndogo kabisa ndiyo inayokatika zaidi, na zamani haikuwa hivyo, soma swali la 24.

17. Sauti yangu ya kichwa ni ndogo, haisikiki kwenye kwaya.

Inawezekana bado ni falseto. Fanya vipimo vya swali la 5. Kama ni ya kichwa kweli, kumbuka kwamba wewe uliye ndani yake huisikia ndogo kuliko waliokaa mbali. Sauti iliyofungwa vizuri ina mawimbi mengi ya juu ambayo sikio la binadamu huyadaka haraka, na hupenya kinanda na ngoma pale ambapo falseto inamezwa.

Kwenye maiki mambo yanageuka. Maiki iliyo karibu na mdomo huuchukua upepo wenyewe na kuufanya sehemu ya wimbo. Ndiyo maana mwimbaji wa studio anaweza kuishi na falseto, na huyohuyo akisimama kanisani bila umeme usimsikie ng'o.

18. Nyumbani naweza, nikisimama mbele za watu nasahau yote.

Hofu huharakisha pumzi, na pumzi ya haraka huvuruga kufunga. Njia ninayoiamini ni kuimba mstari mmoja mgumu mbele ya mtu mmoja, kisha wawili, badala ya kungoja siku ya shughuli. Na usijipashe sauti kwa kupiga kelele nyuma ya ukumbi. Mrija dakika tano unatosha.

## Kwenye wimbo wenyewe

19. Falseto ni sauti mbovu ambayo natakiwa kuiacha?

Hapana, na yeyote anayekufundisha hivyo anakunyima nusu ya rangi zako. Solomon Linda wa Afrika Kusini, alipokuwa akirekodi "Mbube" mwaka 1939, alipaa kwa sauti ya juu ya kiume juu ya besi nzito, na muziki wa dunia nzima umekopa kutoka pale. Barry Gibb wa kundi la Bee Gees alijulikana zaidi kwa falseto kuliko kwa sauti yake ya kawaida.

Falseto inafaa mwisho wa mstari unaofifia, kwenye maneno ya siri au ya kusihi, na pale mtunzi alipoandika iimbwe ndogo sana. Sauti ya kichwa inafaa pale noti ya juu inapobeba ujumbe na lazima ifike. Kwenye kwaya, kama tena nne ziko falseto na mmoja yuko kifuani, huyo mmoja ndiye atakayesikika. Mwalimu aamue moja kwa wote.

20. Ule mtindo wa kuruka juu na chini makusudi ni falseto au kichwa?

Huo ni ule mruko wa kwanza wa swali la 2, ukitumiwa makusudi: kifua na nyuzi nyembamba vinabadilishana bila kufichwa. Milima ya Uswisi imeupatia umaarufu, lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Umo katika uimbaji wa Wambuti wa msitu wa Ituri huko Kongo, na umo Dodoma kwa Wagogo. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, aliweza kutoka kwenye ngurumo ya chini hadi sauti nyembamba sana ndani ya wimbo mmoja, na kuupa mpasuko wenyewe nafasi ya ala.

Ni mazoezi mazuri pia kwa anayetafuta ulaini. Anayejua kuuruka mpito kwa hiari hauogopi sana.

21. Mimi ni besi. Nina haja gani na haya?

Unayo. Besi wengi wana falseto nzuri kuliko tena, kwa sababu hawajawahi kuilazimisha. Alfred Deller wa Uingereza, aliyeirudishia heshima sauti ya kaunta-tena (mwanamume anayeimba juu kama alto) katika karne ya 20, alikuwa na sauti ya baritoni, iliyo kati ya besi na tena, akiongea. Kikwazo cha besi ni uvivu wa kushuka: anatoka juu vizuri, kisha anaangukia kifuani mapema mno. Zoezi la swali la 9 ni lake hasa.

## Afya na hali za pekee

22. Mwanangu wa kiume sauti inavunjika. Aendelee na mazoezi?

Aendelee, kwa upole. Katika kubalehe nyuzi za mvulana hurefuka na kunenepa, na sauti yake hushuka kwa takriban oktava nzima (kutoka doh hadi doh ya chini yake). Kwa muda huo kunaweza kuwa na noti katikati ambazo hazitoki kabisa, juu zipo na chini zipo. Asizilazimishe. Mwalimu ampe sehemu ya wimbo inayokaa kwenye noti alizonazo wiki hiyo, hata kama ni tano tu, na asimwache akae nje ya kwaya akingoja. Falseto anaweza kuigusa kwa "uu" ndogo. Wasichana nao hubadilika, ila kwa noti chache, na upepo kwenye sauti huongezeka kwa kipindi.

23. Tangawizi, asali, mayai mabichi, peremende: kipi kinafanya kazi?

Hakuna unachomeza kinachopita juu ya nyuzi za sauti, kingepita, ungepaliwa. Chai ya tangawizi na asali inaliwaza koo la juu, na hilo si haba, lakini haifungi nyuzi. Mayai mabichi yanaweza kukupa ugonjwa wa tumbo siku ya tamasha. Peremende zenye mentoli zinapoza hisia, na mtu asiyehisi maumivu husukuma zaidi.

Kinachosaidia ni maji, yanywewe mapema, kwani yanafika kwenye nyuzi kupitia mwilini. Mvuke wa maji ya moto unazifikia moja kwa moja ukiuvuta. Na usile chakula kizito ukalala papo hapo: asidi ya tumbo ikipanda usiku huchoma eneo la zoloto, na asubuhi noti ndogo za juu ndizo za kwanza kukosekana.

24. Falseto yangu imepotea ghafla, lakini chini naimba vizuri. Ni nini?

Hili lichukue kwa uzito kuliko mengine yote. Nyuzi zikivimba, hata kidogo, zinashindwa kutetemeka kingo tupu kwa sauti ndogo. Sauti ya chini na ya kelele huendelea kama kawaida na kukudanganya kuwa u mzima. Sababu inaweza kuwa mafua, kupiga kelele uwanjani, mkesha wa maombi, au kuimba bila maiki juu ya spika.

Pumzisha sauti siku mbili tatu: usiimbe, usipige kelele, na usinong'one, kwa kuwa wengi wakinong'ona hukaza koo zaidi ya wanavyokaza wakiongea polepole. Kila asubuhi jaribu ving'ora vidogo vya "uu", mara moja tu. Vikirudi, rudi kwenye mazoezi kwa mrija kwanza.

Sauti ikibaki na mkwaruzo zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Usingoje wiki hizo ukipata maumivu ya kumeza, uvimbe shingoni, kukohoa damu au kupumua kwa shida, wala ukipoteza sauti papo hapo katikati ya kuimba. Mwambie daktari kuwa wewe ni mwimbaji, na umweleze ni noti zipi zimepotea. Anaweza kuzitazama nyuzi kwa kamera ndogo inayopitishwa puani au mdomoni, na kama ni vinundu (vivimbe vidogo kwenye nyuzi), vingi hutulia kwa mapumziko na tiba ya sauti bila upasuaji.